Aipendaye tufani na aipime

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo nilifunzwa nikiwa mtoto, nikaikariri na kuipachika katika kila insha, lakini sikumbuki hata siku moja nilipoinua macho kuyatazama mawingu yenyewe. Ilinibidi nisafiri hadi mji wa Worcester, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, na niponee chupuchupu kufa ndani ya gari lililozingirwa na theluji, ndipo nikaelewa kwamba wahenga hawakuwa wakitupambia insha. Walikuwa wakitufunza kazi. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia leo, hasa mbele ya walimu na wanafunzi.

Nakiri mapema, mpenzi msomaji, kwamba mimi ni mgonjwa wa hali ya hewa. Wako watu wanaokesha wakingoja matokeo ya kandanda. Mimi hukesha nikingoja ramani za tufani. Ugonjwa huu ulinishika katika majira ya baridi ya mwaka wa 2015, nilipokuwa mwanafunzi huko. Majira yale hayasahauliki upesi. Mjini Boston, mwendo wa saa moja kutoka nilikokaa, theluji iliyoanguka msimu mzima ilifikia inchi 110.6, yaani karibu mita 2.8, kiasi ambacho mji huo haukuwa umepata kukipima tangu uanze kuweka kumbukumbu zake.

Wakazi wa pwani ya mashariki ya Marekani huihofu sana tufani waiitayo nor'easter, yaani ile inayokuja na upepo wa kaskazini mashariki. Msomaji wa Lamu au Mombasa huenda akatabasamu, kwa kuwa upepo wa upande huo huo sisi twauita kaskazi, na kwetu kaskazi ni upepo wa neema. Ndio uliokuwa ukizileta jahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, zikatia nanga katika bandari zetu na kungoja kusi izirudishe kwao. Kumbe kuujua upande utokako upepo hakutoshi. Sharti ujue pia umepita wapi na umebeba nini.

Kaskazi ya Massachusetts huzaliwa na ugomvi wa hewa mbili. Hewa baridi na kavu hushuka kutoka Kanada. Hewa vuguvugu, yenye unyevu mwingi, hupanda kutoka juu ya Gulf Stream, mkondo wa maji ya joto upitao katika bahari ya Atlantiki. Zikutanapo, ile vuguvugu iliyo nyepesi hupanda juu ya ile baridi iliyo nzito, na mgandamizo wa hewa ulio chini hupungua. Hapo upepo hukimbilia mahali palipopungua. Hata hivyo, kwa kuwa dunia yenyewe yazunguka, upepo hauendi moja kwa moja. Hupinda, na katika nusu ya kaskazini ya dunia hulizunguka eneo hilo kinyume cha mwendo wa mikono ya saa. Kitovu cha tufani kikiwa baharini, kusini mashariki mwa Boston, upepo unaoufikia mji huwa umetoka kaskazini mashariki, umepita juu ya maji na kubeba unyevu wake. Unyevu huo ukikutana na baridi ya nchi kavu huanguka ukiwa theluji.

Usiku wa tarehe 26 Januari 2015 tufani ya namna hiyo ilitufikia. Serikali ya jimbo iliamuru magari yasionekane barabarani tangu usiku wa manane. Nilisimama dirishani hadi alfajiri. Sikuwa nimepata kuona kitu kama kile: taa za barabarani zilififia moja baada ya nyingine, si kwa kuzimwa, bali kwa kufunikwa na weupe uliokuwa ukipita kwa mlalo kama unga unaopeperushwa kinuni. Ilipokwisha, Worcester ilikuwa imepokea inchi 34.5, takriban sentimita 88. Hiyo ikawa rekodi ya mji kwa tufani moja. Nami nikawa mtumwa wa tufani.

Wiki chache baadaye, tufani nyingine ilipotabiriwa kuipiga pwani usiku wa tarehe 14 Februari, mimi na Mkenya mwenzangu tuliamua kuifuata. Marekani kuna watu wengi wafanyao hivyo. Huzifuata tufani kwa magari, wengine kwa ajili ya elimu, wengine kwa ajili ya picha, na wengine, kama sisi, kwa ajili ya kusimulia tu. Tuliwasha gari tukaelekea baharini. Hatukuwa na beleshi, wala blanketi, wala chakula, ila pakiti moja ya biskuti. Tulikuwa na simu ya kupigia picha.

Hatukuifikia bahari. Upepo ulizidi, barabara ikatoweka, na gari likaserereka hadi kando na kukwama. Tukaamua kungoja kuche. Tuliliacha gari likinguruma ili tupate joto, tukafunga madirisha na kusimuliana habari za nyumbani. Baada ya muda kichwa kilianza kunigonga. Mwenzangu alikuwa amenyamaza. Nilidhani ni usingizi, nami nikauona ukinijia, mtamu na mzito. Ghafla dirisha liligongwa kwa kishindo. Alikuwa dereva wa mtambo wa kusukuma theluji. Alitufokea tuzime gari na tutoke nje upesi, kisha akatuonyesha nyuma: theluji ilikuwa imeliziba kabisa bomba la kutolea moshi, na moshi ule, usio na njia, ulikuwa ukirudi ndani tulimokaa. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Humlaza mtu, na aghalabu asiamke.

Sisemi haya ili nionekane shujaa. Miaka miwili kabla yake, katika tufani ya Februari 2013, mvulana mmoja mjini Boston alifariki kwa njia hiyo hiyo, akiwa ameketi ndani ya gari ajipashe joto huku baba yake akiondoa theluji. Wala ujuzi peke yake haumkingi mtu. Mnamo tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno katika jimbo la Oklahoma, chamchela kuu ya aina ya tornado yenye upana wa zaidi ya kilomita nne ilimuua Tim Samaras, mwanawe Paul, na mwenzao Carl Young. Samaras hakuwa mtafuta sifa. Alikuwa mhandisi aliyebuni vyombo vya kuwekwa ardhini katika njia ya tornado, na mwaka wa 2003 chombo chake kimoja kilipima jinsi mgandamizo wa hewa ulivyoporomoka tornado ilipopita juu yake. Huyo alikuwa fundi, aliyekwenda akijua anatafuta nini. Ikiwa dhoruba haikumwogopa fundi, sisi wa biskuti na simu tulikuwa nani?

Asubuhi ya pili yake nilimsimulia jirani yetu kisa hiki. Alikuwa mzee mstaafu, mpole, ambaye kila siku saa moja asubuhi nilikuwa nikimwona uani kwake ameinama na rula mkononi, nami nikidhani ni ukorofi wa uzee. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza:

"Mlikwenda kufanya nini?"

"Kuiona tufani," nikamjibu.

"Na theluji iliyoanguka hapa uani kwenu usiku huo ilikuwa na kina gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimeikanyaga nikitoka na nikirudi, lakini sikujua. Mzee hakunicheka. Aliniita kwake akanionyesha kazi yake.

Alikuwa na ubao mweupe uliolazwa mahali pa wazi, mbali na kuta na miti. Ubao ni mweupe ili usivute joto la jua na kuiyeyusha theluji. Kila asubuhi, saa ile ile, alisimika rula hadi iguse ubao, akasoma kina, akaandika, kisha akaufagia ubao na kuuweka juu ya theluji ya jana ili upokee ya leo. Upepo ukiwa umeirundika theluji upande mmoja, alipima mahali kadhaa na kutafuta wastani. Baadaye alichukua theluji iliyoingia katika kipima mvua, akaiyeyusha, akapima maji yake. Hapo nikajifunza kwamba theluji na theluji si sawa. Kwa kawaida inchi kumi za theluji hutoa yapata inchi moja ya maji, lakini theluji nyepesi ya siku ya baridi kali hutoa maji machache zaidi, na ile nzito ya siku ya vuguvugu hutoa mengi, nayo ndiyo ivunjayo mapaa. Anayetazama kwa macho haoni tofauti. Anayepima huiona.

Mzee huyo alikuwa mmoja wa maelfu ya watu wa kawaida wanaopeleka vipimo vyao kila siku katika mtandao wa hiari uitwao CoCoRaHS. Asili ya mtandao huo yafaa ifundishwe darasani. Mnamo tarehe 28 Julai 1997 mvua kubwa iliupiga mji wa Fort Collins katika jimbo la Colorado. Upande mmoja wa mji ulipata zaidi ya inchi 14 kwa muda wa siku moja na ushei. Upande mwingine wa mji huo huo haukupata hata inchi mbili. Watu watano walikufa. Vituo rasmi vilikuwa vichache mno kuweza kuuona upungufu na uzidifu huo. Ndipo mwaka wa 1998 wanasayansi wa huko wakaanza kuwaomba wananchi waweke vipima mvua katika nyua zao. Hawakuomba wataalamu. Waliomba watu waaminifu wa kuandika kile walichokiona, hata siku ambayo hawakuona kitu. Kwani sufuri nayo ni kipimo.

Labda msomaji atauliza: kuna haja gani ya kupima, ilhali watabiri wenyewe hukosea? Ni kweli hukosea. Katika tufani ile ile ya Januari 2015, mji wa New York uliambiwa utarajie hadi futi mbili za theluji au zaidi. Treni za chini ya ardhi zilisimamishwa. Kulipokucha, bustani ya Central Park ilikuwa na inchi 9.8 tu, kwa sababu tufani ilipita mashariki kidogo ya ilipotazamiwa, ilhali sehemu za Long Island, jirani na mji huo, zilizikwa kama ilivyotabiriwa. Mtabiri mmoja wa serikali, Gary Szatkowski, aliomba radhi hadharani. Wengi walimcheka. Mimi nilimheshimu. Mpiga ramli haombi radhi, kwa kuwa maneno yake hayawezi kupimwa. Mwanasayansi huomba radhi, kwa sababu asubuhi rula huenda ikamsuta.

Aidha, kuudharau utabiri kuna gharama yake. Mnamo Februari 1978 watabiri waliwaonya wakazi wa Massachusetts kwamba tufani kubwa ingeanza kabla ya mapambazuko ya Jumatatu, tarehe 6. Kulipokucha hakukuwa na theluji. Watu wakasema, "Wamekosea tena," wakaenda kazini. Theluji ilianza baadaye asubuhi hiyo, na kufikia jioni wote walikuwa wakikimbilia nyumbani kwa pamoja. Magari zaidi ya 3,000 yalikwama katika barabara kuu ya 128, mengine kwa siku kadhaa. Katika eneo zima la New England watu wapatao 100 walipoteza maisha. Utabiri ulichelewa kwa saa chache tu. Kilichoua ni ile imani kwamba jambo lililochelewa halitakuja.

Sasa niwageukie ndugu zangu walimu, maana najua wapo wanaosema kimoyomoyo: hayo ni ya Wazungu, sisi theluji yetu iko kileleni mwa Mlima Kenya, haifiki darasani. Kwa hao nina habari za mkulima mmoja.

Wilson Bentley alizaliwa mwaka wa 1865 katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont. Mamake, aliyewahi kuwa mwalimu, ndiye aliyemfundisha nyumbani, na ndiye aliyempa hadubini kuukuu. Kijana aliona kupitia hadubini hiyo maumbo ya chembe za theluji, akajaribu kuyachora, lakini yaliyeyuka kabla hajamaliza. Akaunganisha kamera na hadubini, na tarehe 15 Januari 1885, akiwa na umri wa miaka 19, akafaulu kupiga picha ya chembe moja. Kufikia kufa kwake mwaka wa 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000, huku akiendelea kukamua ng'ombe wake.

Hayo ndiyo yaliyompa sifa. Lakini lililonigusa mimi ni jingine, ambalo wengi hawalijui. Majira ya joto yalipofika na theluji ikatoweka, Bentley hakukaa bure. Alitaka kujua matone ya mvua yana ukubwa gani. Hakuwa na chombo. Alichukua unga wa ngano, akauchekecha na kuutandaza ndani ya chombo kipana, kina chake inchi moja. Mvua iliponyesha aliutoa nje kwa sekunde chache tu, akaurudisha ndani. Kila tone lilifanya donge dogo la unga. Madonge yalipokauka, aliyachambua na kuyapima. Ili ajue kama donge linalingana na tone, alidondosha matone ambayo ukubwa wake alikwisha kuujua, akalinganisha. Matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 1904, naye akaonyesha kwamba matone makubwa kabisa hufikia yapata robo ya inchi. Kwa unga wa jikoni na subira, mkulima alikuwa amefanya sayansi.

Ni shule gani hapa kwetu isiyoweza kupata sinia, chekecheke na unga wa ngano? Ni shule gani isiyoweza kuweka mkebe ulionyooka mahali pa wazi, na kuusoma saa tatu kila asubuhi? Katika shule niliyosomea mimi palikuwa na kipima mvua cha shaba. Tulikichora katika madaftari, tukaziandika sehemu zake na kupata alama. Hakuna aliyepata kukisoma. Siku moja nilikuta mtu amepandamo ua.

Wala hili si suala la alama. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na wenzao waliokuwa wakienda harusini lilitumbukia katika mto Enziu, kaunti ya Kitui, lilipojaribu kuyavuka maji yaliyofurika juu ya daraja. Zaidi ya watu 30 walikufa. Ilisikitisha, na ilisemwa mengi. Lakini jiulize: ni wangapi miongoni mwetu wajuao kwamba futi mbili za maji yaendayo kasi zaweza kuyabeba magari mengi? Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Milimita hamsini juu ya hekta moja ni lita 500,000. Mwanafunzi aliyepima mvua kwa mkono wake na kuifanya hesabu hiyo hatauangalia mto uliofurika kwa macho aliyouangalia nayo jana. Atakapokuwa dereva, au abiria mwenye sauti ya kusema "Simamisha!", hesabu ile itakuwa ingali kichwani mwake.

Sisemi tusizipende tufani. Mimi bado nazipenda, na ngurumo ya kwanza ya masika hunitoa kitandani hata leo. Nisemalo ni kwamba kuna mapenzi ya kutazama na mapenzi ya kujua, na yale ya kutazama nusura yanizike kando ya barabara nikiwa na pakiti ya biskuti. Yule dereva aliyetugongea dirisha sikupata kulijua jina lake. Deni lake nimejaribu kulilipa kwa njia moja: nina mkebe uani, nina rula, na nina daftari. Leo asubuhi nimeandika sufuri.

Mwalimu, masika yajayo yasikukute bila mkebe. Na lile ua lililo ndani ya kipima mvua, tafadhali, lihamishiwe bustanini.